Namna ya Kumlisha Nyoka Mgeni Anayekataa Chakula

Chatu wa kwanza kuingia mikononi mwangu aliletwa ndani ya polo la mbolea na mkulima wa mpunga wa bonde la Cheju hapa Unguja, aliyemkuta amejikunja chini ya rundo la majani makavu na, badala ya kumkatakata kwa jembe kama walivyotaka wenzake, akaona amlete kwangu. Alikuwa bado mdogo, hajafika urefu wa mita moja. Jioni ile ile nilimtilia panya ndani ya sanduku, akamkimbia. Kesho yake nikamjaribu tena, keshokutwa nikambadilishia panya wa rangi nyengine, na baina ya jaribio moja na jengine nilikuwa nikimtoa nje na kumpima kwa macho kama amekonda. Zilipotimia wiki tatu nilimwita daktari wa mifugo, nikiwa na yakini kwamba nyoka anakufa. Daktari alimfungua mdomo, akamtazama macho na magamba, akasema hamwoni na ugonjwa wowote, kisha akaniuliza ni mara ngapi kwa siku ninafungua lile sanduku. Nilipohesabu nilipata mara kumi na moja. Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Pemba ya siku tisa. Nikamwachia mdogo wangu kazi ya kubadilisha maji tu, bila ya kumgusa nyoka, na usiku niliorudi chatu yule alimkamata panya hata kabla sijarudisha koleo nyuma.

Tangu hapo, mtu anaponiuliza ampe nini nyoka wake mpya anayekataa chakula, huanza kwa kumuuliza nyoka huyo anaishi wapi, kwenye joto gani, na anasumbuliwa mara ngapi, kwa sababu chakula ndicho jambo la mwisho katika mpangilio huu. Nyoka aliyehamishwa hujihisi yuko mbele ya adui, na kiumbe aliye mbele ya adui hali chakula, kwa kuwa anayemeza windo zima hujitia uzito tumboni na kupoteza uwezo wa kukimbia.

Yapo mawili ya kutengeneza kabla ya hayo yote. La kwanza ni ruhusa. Wanyama wa porini wa Zanzibar wanalindwa na Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, kwa hiyo anayetaka kumweka nyoka wa porini nyumbani anapaswa kwenda kwanza katika idara inayosimamia misitu na wanyamapori. Na kwa upande wa chatu wa aina zote, kumvusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa jina la CITES. La pili ni kumjua nyoka mwenyewe. Ninayoyaeleza hapa yanawahusu nyoka wasio na sumu wanaoua kwa kubana: mtoto wa chatu wetu wa huku, ambaye akikua huweza kupita mita nne na kwa maoni yangu hafai kubakia katika nyumba ya mtu, nyoka mdogo wa kahawia anayeingia majumbani kufuata panya, ambaye mara chache huvuka mita moja, na chatu mfupi wa Afrika Magharibi, *Python regius*, anayetoka nchi kama Ghana, Togo na Benin na ambaye ndiye bingwa wa kususa chakula kuliko wote. Nyoka wa kijani wa mitini usimkamate kabisa, maana miongoni mwao wamo wasiodhuru na wamo wenye sumu ya kuua, na mtu asiye mtaalamu hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama.

Sote tumesikia katika chuo cha Kurani kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, aliyemfungia ndani asimlishe wala asimwache akajitafutie. Kisa hicho ni cha haki, na anayemtia mnyama kifungoni amejitwika riziki yake. Lakini kisikutie pupa. Riziki ya paka ni ya kila siku, ilhali nyoka mchanga hutosheka na mlo mmoja kwa wiki, na nyoka mzima aliyenenepa anaweza kukaa miezi kadhaa bila ya kula na asidhurike.

Nyumba ya nyoka

Watu wengi humtilia nyoka mdogo katika sanduku kubwa kwa kumwonea huruma, kumbe wanamtisha. Nyoka wa sentimita 50 au 60 anatosheka na sanduku la plastiki lenye urefu wa sentimita 40 hadi 60, lenye kifuniko kinachofungika sawasawa na matobo madogo ya hewa ubavuni. Ndani yake weka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jengine upande wa baridi, ili nyoka asilazimike kuchagua baina ya kupata joto na kujificha. Si lazima ununue kitu. Kifuu kilichotobolewa mlango mmoja kinamfaa kabisa nyoka mchanga, na chungu kilichovunjika mdomo kikifudikizwa kinamfaa aliye mkubwa zaidi. Kipimo cha ficho zuri ni kwamba nyoka akijikunja ndani, mwili wake uguse kuta pande zote. Ficho pana halimpi utulivu wowote.

Chini tandika gazeti kwa mwezi wa kwanza. Najua wapo wanaopenda makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na mimi pia hutumia baadaye, kwa kuwa yanashika unyevu na yanapatikana kila mahali. Lakini juu ya gazeti utaiona choo yake siku ile ile, na utawaona utitiri, wale wadudu wadogo weusi wanaojikusanya chini ya magamba na pembeni mwa macho, kabla hawajazaana. Ukiamua kutumia makumbi, usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba, kwani yamejaa chumvi na yananuka. Chukua makavu ya shamba, yaoshe na uyaanike. Mchanga wa pwani nao usiutumie.

Funika pande tatu za sanduku kwa kanga kuukuu, kisha liweke mahali pasipopitwa na watu. Nyoka hana sikio la nje, lakini mtetemo wa sakafu, wa mlango unaobamizwa na wa spika ya redio unamfika kupitia taya na mwili mzima, hivyo meza iliyo karibu na mlango wa ukumbini si mahali pake. Paka asiingie chumba hicho hata mara moja. Na udi na ubani, ambavyo katika nyumba zetu havikosekani, hasa usiku wa kuamkia Ijumaa, vifukizwe chumba chengine, pamoja na dawa ya mbu ya kuwasha. Nyoka huvuta harufu kwa ulimi na kuipeleka katika kiungo maalumu kilichomo kwenye paa la kinywa, na chumba kilichojaa moshi humchoma mapafu na kumfichia harufu ya windo kwa wakati mmoja.

Baada ya kumtilia humo, mwache. Maji safi yawepo katika bakuli zito asiloweza kulipindua, nawe uyabadilishe haraka na uondoke. Siku saba ndizo kidogo kabisa. Mimi huacha siku kumi. Katika muda huo hakuna kumshika, hakuna kumwonyesha mgeni, na hakuna kupiga picha. Wenye watoto wataona sharti hili ndilo zito kuliko yote.

Joto la visiwani

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kama sisi. Analipata nje, na bila ya joto hilo tumbo lake halisagi kitu. Akimeza panya akiwa na baridi, panya huoza tumboni kabla hajasagika, na nyoka humtapika. Kwa sababu hiyo nyoka mwenye baridi hukataa chakula, na katika kukataa huko anajua anachokifanya kuliko mfugaji wake. Kwa chatu, upande wa joto wa sanduku uwe baina ya nyuzi 31 na 33 za Selsiasi na upande wa pili baina ya 25 na 27. Nyoka wa kahawia anatosheka na nyuzi mbili pungufu upande wa joto. Pima kwa kipimajoto kilicholazwa pale pale nyoka anapolala, kwa sababu hewa ya chumba ni kitu chengine.

Maelekezo mengi yaliyoandikwa katika nchi za baridi huhangaikia taa na mikeka ya umeme. Kwetu hesabu ni tofauti. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, chumba kilichoezekwa bati bila ya dari huweza kupanda juu ya nyuzi 35 adhuhuri, na joto hilo likidumu linamuua nyoka ndani ya sanduku la plastiki, kwa hiyo shida ya miezi hiyo ni kumpatia ubaridi: mshushe sakafuni, mtoe katika ukuta unaopigwa na jua la magharibi, na usimwelekezee feni moja kwa moja. Kipupwe kinapoingia, Juni hadi Agosti, usiku hushuka hadi nyuzi 22 au chini kidogo, na huu ndio msimu ambao ninapokea malalamiko mengi ya nyoka kususa. Anayeweza kungoja ni bora asichukue nyoka mpya katika miezi hiyo. Aliyekwisha kumchukua aweke mkeka wa joto wenye kidhibiti chini ya theluthi moja tu ya sanduku, upande wa nje, na kamwe asiutumie bila ya kidhibiti, kwani nyoka hulala juu ya kitu kinachomuunguza bila ya kuondoka.

Umeme nao usiutegemee peke yake. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka ilivyokuwa njia ya umeme wa kutoka bara ilipoharibika na kisiwa kizima kikakaa gizani, mara ya pili kwa miezi mitatu. Kukatika kwa siku hizi ni kwa saa chache, lakini saa sita za usiku wa Julai zinatosha kumharibia nyoka aliyekula jioni. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo na kuegemezwa ubavuni mwa sanduku, kwa nje, inatosha kuokoa usiku mmoja.

Kuhusu unyevu sina mengi ya kusema. Hewa yetu inao wa kutosha, na tatizo letu ni ukungu zaidi kuliko ukavu.

Windo lenyewe

Usimpe nyoka panya aliyekamatwa nyumbani, dukani wala mtaroni. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo jambo la kwanza linalomjia mtu akilini: panya wamejaa, mitego inauzwa, na nyoka anawataka. Mitaa yetu inatiwa sumu ya panya mwaka mzima, na aina nyingi za sumu hizo hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande, zikakaa katika ini la panya kwa siku kadhaa kabla hajafa. Panya anayepepesuka na kukamatika kwa urahisi mara nyingi ndiye aliyekwisha kula sumu, na nyoka atakayemmeza huimeza pamoja naye. Ukiacha sumu, panya wa mtaroni hubeba minyoo na vimelea vyengine, na mkojo wake unaweza kukuambukiza wewe mwenyewe homa ya leptospira.

Njia ya uhakika ni kufuga panya weupe, wale wadogo. Dume mmoja na majike wawili au watatu ndani ya beseni lenye kifuniko cha wavu wanatosha kwa nyoka mmoja na ziada. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 20 hivi, huzaa watoto wapatao sita hadi kumi, na watoto huacha kunyonya baada ya wiki tatu. Walishe chakula cha kuku, mchele uliovunjika na dagaa kidogo, na ubadilishe matandiko yao mara mbili kwa wiki, la sivyo harufu ya mkojo itakugombanisha na nyumba nzima. Wasiwekwe chumba kimoja na nyoka, kwa sababu nyoka anayenusa panya mchana na usiku bila ya kumfikia huzoea harufu hiyo na kuipuuza.

Mpe nyoka windo lililokwisha kufa. Panya hai aliyefungiwa na nyoka asiye na njaa humgeukia akamtafuna mgongo na mkia, na nimewahi kumwona chatu aliyefikwa na hayo akiwa amebakia na mfupa wazi. Kumuua panya kuwe kwa haraka na bila ya kumtesa. Muombe mtu anayejua akuonyeshe namna ya kumvunja shingo mara moja, na usimtie kwenye friji akiwa hai hata akiwa mdogo vipi. Waliokufa wafunge kila mmoja katika mfuko wake, kisha uwaweke wote ndani ya bakuli lenye kifuniko katika sehemu ya kugandishia. Bakuli hilo liandikwe nje kwa herufi kubwa, kwa faida ya anayetafuta samaki wa futari.

Ukubwa wa windo hupimwa kwa unene: panya asizidi unene wa nyoka pale mwili wake ulipo mnene zaidi. Kwa uzito, nyoka mchanga wa gramu 100 anastahiki panya wa gramu 10 hadi 15. Mlo wa kwanza katika nyumba mpya uwe mdogo kuliko kipimo hicho, kwa kuwa nyoka mwenye wasiwasi huthubutu kukamata windo dogo kabla ya kubwa.

Usiku wa kumlisha

Mtoe panya kwenye barafu tangu jana yake na umuweke sehemu ya chini ya friji, kisha jioni mtie, akiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, katika bakuli la maji ya moto yasiyochemka. Lengo ni panya kuwa na joto la nyuzi 38 hadi 40 hivi, kama alivyokuwa akiwa hai, kwa sababu chatu ana vishimo katika midomo vinavyohisi joto la windo, na panya baridi kwake ni kama jiwe. Mbonyeze tumbo kwa kidole kuhakikisha kwamba ndani hakukubakia barafu. Usimchemshe wala usimtie kwenye maikrowevu. Nyama iliyoiva haina harufu anayoitambua, na tumbo la panya hupasuka. Mwisho mkaushe kwa kitambaa na umpashe tena kichwa peke yake, ili kichwa kiwe ndipo penye joto zaidi.

Nyoka hawa ni wawindaji wa usiku. Ngojea mpaka baada ya Isha, nyumba inapoanza kutulia, zima taa kubwa na ubakie na mwanga hafifu wa barazani. Mshike panya kwa koleo ndefu, isiyopungua sentimita 30, kwenye nyonga au shina la mkia, na umsogeze kwa chini na kwa mbele, kichwa kikitangulia, hadi karibu na mlango wa ficho. Usimteremshe kutoka juu, kwani kinachotoka juu katika akili ya nyoka ni mwewe. Mtikise kidogo, kisha utulie. Ukiona ulimi unatoka mara nyingi zaidi na shingo inajikunja kama ndoana, simama pale pale na usipumue kwa nguvu. Akishakamata, achia koleo bila ya kuvuta, funika sanduku na utoke chumbani. Atambana, atamzungusha akitafuta kichwa, na pengine atamwachia na kumrudia. Yote hayo ni kazi yake, na kuchungulia kwako ndiko kunakoweza kumfanya aache.

Akirudi nyuma, akaficha kichwa ndani ya mikunjo yake au akapiga kwa mdomo uliofungwa, basi amesema hapana. Usimfuatefuate. Mlaze panya mlangoni mwa ficho, funika, na uangalie asubuhi. Nyoka wengi wanaosusa koleo hula peke yao saa saba au nane za usiku. Kwa hali yetu ya hewa panya huyo aondolewe mara tu baada ya alfajiri na atupwe, asigandishwe tena. Jambo moja linalosahauliwa ni chungu, yaani sisimizi. Wakinusa nyama watapanda meza usiku huo huo, na watamng'ata nyoka kama walivyomng'ata panya, kwa hiyo simamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, kama bibi zetu walivyofanya na makabati ya vyakula.

Baada ya kukataliwa, ngojea siku saba kamili. Mwenye kujaribu kila usiku anamfundisha nyoka kwamba panya ni sehemu ya usumbufu.

Akiendelea kukataa

Ikiwa majaribio matatu yaliyopishana kwa wiki yamekataliwa na joto na maficho ni sawa, anza kubadilisha jambo moja kwa kila jaribio, usichanganye, ili siku atakayokula ujue ni lipi lililomvuta. Kwangu mimi la mwanzo ni giza na ufinyu: nyoka mdogo hutiwa pamoja na panya aliyekufa ndani ya foronya iliyofungwa mdomo, na foronya hiyo ikarudishwa sandukuni hadi asubuhi. Kitu kinachoonekana kama kifungo ndicho kinachomtuliza, kwa sababu haoni kitu na anaguswa kila upande.

La pili ni harufu. Nyoka wa kahawia wachanga huko nje hula mijusi, na wengine hawajui kabisa kwamba panya ni chakula. Mkamate mjusi kafiri mmoja ukutani, msugue taratibu kwenye uso na mgongo wa panya, kisha umwachie ende zake. Usimlishe nyoka mjusi mwenyewe isipokuwa umekosa njia nyengine, kwani mijusi ya ukutani ina minyoo. Kwa chatu, ambao kwa asili yao hula ndege pia, unyoya wa kifaranga uliosuguliwa kwenye panya unaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na atakayekula kwa namna hiyo mara mbili tatu upunguziwe harufu kidogo kidogo mpaka apokee panya mtupu. Vifaranga wazima nao huwapokea, lakini nimeacha kuwapa, kwa sababu nyoka aliyeonja kuku husumbua kurudi kwenye panya.

La tatu ni kubadilisha umri wa windo: kitoto cha panya kisichoota manyoya badala ya panya mkubwa, au kinyume chake. La nne halipendezi, lakini linafaa: kumtoboa panya utosini kwa sindano nene ili harufu ya ubongo itoke. Hapo tena, kwa nyoka mchanga ambaye hajawahi kula kabisa, naruhusu kitoto cha panya hai ambacho macho yake hayajafunguka, kwa kuwa hakiwezi kumng'ata. Kumfungua nyoka mdomo na kumsukumia chakula ni kazi ya daktari au ya mfugaji mzoefu sana. Anayejaribu kwa kukisia humvunja meno au humjeruhi koo, na hofu inayobakia hurudisha nyuma kila kilichotengenezwa.

Wakati huo huo mpime uzito, mara moja kwa wiki, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, nyoka akiwa ndani ya bakuli lenye kifuniko ambalo uzito wake unaujua. Andika tarehe, uzito, alichopewa na alichofanya. Daftari hilo litakutoa wasiwasi mwingi usio na msingi, kwani jicho lenye khofu huona kukonda kila siku. Nyoka ambaye macho yake yamekuwa na ukungu wa rangi ya maziwa anakaribia kujivua gamba, na kumpa chakula katika siku hizo ni kupoteza panya; ngojea avue kwanza. Chatu dume aliyekomaa naye huweza kususa kwa miezi wakati wa kutafuta jike, na hilo halina dawa wala halihitaji dawa.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, bila ya kungoja jaribio jengine, ikiwa amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ikiwa uti wa mgongo umesimama kama ukingo wa mtumbwi, ikiwa anapumua mdomo wazi, anakoroma au anatoa mapovu, au ikiwa fizi zimevimba na zina usaha. Mtoto ambaye hajala hata mara moja asiachwe zaidi ya wiki sita, kwani akiba yake ni ndogo. Na aliyetoka porini akipelekwa, peleka na choo yake ikiwa ipo, maana minyoo ndiyo sababu ninayoikuta zaidi kwa nyoka wa mashambani wanaokataa kula ilhali kila kitu kingine kiko sawa.

Akishakula, usimshike kwa saa 48, hata kwa sababu ya kusafisha. Joto lisishuke. Akitapika, usimpe kitu kwa wiki mbili, kagua joto upya, kisha umrudie kwa windo lililo nusu ya lile la awali. Kumlisha haraka baada ya kutapika humtapisha tena, na la pili ni baya zaidi kuliko la kwanza. Nawa mikono kwa sabuni kila unapogusa nyoka, sanduku au bakuli lake la maji, kwa sababu nyoka mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, na usivioshe vyombo vyake katika sinki la jikoni. Ndani ya wiki moja au zaidi kidogo utaona juu ya gazeti choo ya kahawia pamoja na kipande cheupe kama chokaa, na hapo utajua kwamba mlo umefika ulikokusudiwa. Siku ya saba baada ya kula, mpe wa pili kwa saa ile ile na kwa namna ile ile iliyomkubalisha, bila ya kubadilisha chochote. Milo mitatu ikiliwa mfululizo ndipo uanze kumzoesha mkono, dakika tano tano, na isiwe siku ambayo umetoka kuwahudumia panya.